Sikio Nalo Lisomeshwe

Juma lililopita, katika majilisi ya shule yetu ya kutwa hapa Kisumu, mwenzangu mmoja alisema mbele ya walimu wote kwamba wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wanasikiliza redio badala ya kusoma. Alikuwa akizungumzia podikasti ninazowarekodia, yaani vipindi vya sauti vya masomo, na kwa kuwa kengele ililia kabla sijamjibu, ninamjibu hapa. Kauli hiyo nimeisikia kwa wazazi na kwa wakubwa wa shule pia, na imeniuma.

Nianze na fasihi simulizi, kwa maana hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Ngano, vitendawili na mighani vilizaliwa kinywani vikalelewa sikioni, lakini sisi tunavifundisha kwa kujaza ubao sifa na dhima, mwanafunzi ananakili kimya, kisha anakwenda kukariri. Anaweza kupata alama zote katika swali la fomyula za kuanzia ngano ilhali hajawahi kumsikia mtu akisema "Paukwa!" na umati ukaitikia "Pakawa!" Hali hii ni aibu, hasa katika eneo hili, kwa sababu Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi kizee aliyeitwa pim, ambamo watoto walilala wakisimuliwa sigana, yaani ngano, na kufunzwa adabu za maisha gizani, bila daftari wala kalamu.

Kwa hiyo nilikwenda mtaa wa Nyalenda nikamrekodi nyanya mmoja akisimulia sigana kwa Kijaluo, kwa ridhaa yake, nikawapa wanafunzi kazi ya kuisikiliza na kuisimulia upya kwa Kiswahili. Kabla ya zimwi wa sigana hiyo kujibu, nyanya huyo alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba darasa zima liliacha kupumua. Nilikuwa nimefafanua maana ya taharuki, ile hamu ya kutaka kujua kitakachofuata, mara nyingi, nikitoa mifano vitabuni, lakini siku hiyo msichana wa dawati la nyuma alisema, "Mwalimu, kumbe taharuki ni pale aliponyamaza." Sijui ni karatasi gani ingemfunza jambo hilo.

Kuna na suala la matamshi. Kijaluo hakina sauti "sh", na mwanafunzi aliyelelewa katika lugha hiyo huweza kutamka "shaba" ikasikika kama "saba", akachekwa, na tangu siku hiyo asiinue mkono tena. Mtoto huyo akipewa rekodi, anaweza kusikiliza jozi ya maneno mara ishirini akiwa peke yake jioni, akajirekodi, akalinganisha, akarudia. Hakuna mwalimu mwenye subira ya kurudia neno moja mara ishirini kwa kila mtoto katika darasa la wanafunzi hamsini, na mimi simo katika wenye subira hiyo.

Mwenzangu aliposema "redio" alikosea palepale. Shule zilipofungwa mwaka 2020, masomo yalirushwa redioni, na mtoto aliyekuwa ametumwa maji saa hiyo alilikosa somo lake. Podikasti humngoja msikilizaji, hukubali kusimamishwa na kurudishwa nyuma. Hata hivyo redio yenyewe haistahili dharau hiyo: kati ya mwaka 1980 na 1985 kulikuwa na mradi hapa Kenya wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule za msingi, na vipindi vyake viliacha nafasi za kimya ili watoto wajibu kwa sauti. Nami huacha sekunde chache baada ya kila swali, kwani rekodi isiyompa mwanafunzi nafasi ya kujibu ni hotuba tu.

Ninakubali kwamba ramani na jometri haziwezi kufundishwa kwa sikio pekee. Ninakubali pia kwamba mwanafunzi kiziwi huachwa nje kabisa, na ndiyo maana kila kipindi sharti kiandamane na maandishi yake kamili. Gharama sitaikubali kuwa hoja, kwa sababu dakika kumi za sauti zikihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hazifiki megabaiti 5, na faili hilo huingia kwenye kadi ya memori na kuchezwa darasani bila intaneti na bila mwanafunzi kubeba simu.

Hoja halisi ya wapinzani, hata wasipoitamka, ni mtihani. Karatasi zote tatu za Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, ni za kuandika, kwa hivyo kusikiliza hakuleti alama. Hilo ni kweli, nami sina la kulipinga. Lakini mtaala mpya wa umilisi umeweka kusikiliza na kuzungumza mwanzoni kabisa mwa somo la Kiswahili, na watoto walioanza nao sasa wamefika sekondari ya juu. Walimu wao ni sisi hawa tunaoita sikio mchezo.

Ninachoomba ni dakika kumi kila Ijumaa kabla ya masomo ya kwanza, spika moja isiyokwaruza, na ruhusa ya kuwaalika wazee watatu wa mtaa waje kurekodiwa muhula ujao. Nyanya wa Nyalenda amekwisha kukubali kurudi.