Siki, kirusi na mwanamke anayekuja kliniki mara moja

Kwa miaka mingi, mwanamke wa Tanzania akienda kupimwa saratani ya shingo ya kizazi hukutana na siki. Muuguzi hupaka asidi ya asetiki iliyozimuliwa, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama iwapo kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Ikiwepo, mara nyingi mwanamke anaweza kutibiwa papo hapo kwa kugandisha au kuunguza kwa joto. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zihamie kwenye kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha karibu saratani zote za aina hii. Naunga mkono ushauri huo. Hofu yangu ni namna tutakavyoutekeleza.

Ushahidi mzito wa pande zote mbili unatoka jimbo moja la India, Maharashtra. Wilayani Osmanabad, wanawake zaidi ya 130,000 wa miaka 30 hadi 59 waligawanywa makundi manne: la siki, la papsmia (seli za shingo ya kizazi hutazamwa kwa darubini), la kipimo cha HPV, na la nne ambalo halikuitwa kupimwa. Waliopimwa walipimwa mara moja tu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2009, baada ya ufuatiliaji wa miaka minane, kundi la HPV lilikuwa limepoteza wanawake 34 kwa saratani hiyo, na lile lisilopimwa 64, ilhali makundi yalikaribiana kwa ukubwa. Siki haikuonyesha upungufu wa vifo ambao watafiti wangeweza kuuthibitisha. (Hao 64 siwezi kuwapita kimya. Utafiti huo ulilaumiwa vikali kwa kuacha kundi zima bila kupimwa, na lawama hiyo naiona ya haki.)

Mjini Mumbai mambo yakawa tofauti. Huko wahudumu wa afya ya msingi, si madaktari, waliwapima kwa siki wanawake wa mitaa ya mabanda kila baada ya miaka miwili, mara nne. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo kuwa vifo vimepungua kwa asilimia 31.

Wanaotetea siki hushika Mumbai, wanaoitaka HPV hushika Osmanabad. Tafiti hizo zilitofautiana kwa mengi, lakini kwangu kubwa ni kwamba Mumbai walirudiwa. Siki inategemea jicho, na jicho likikosea leo litasahihishwa tu mwanamke akirudi. Zaidi ya hapo, kwa aliyekoma hedhi, eneo linalopaswa kutazamwa huwa limejificha ndani, siki isilifikie. Asiyekutwa na HPV, kwa upande wake, anaweza kukaa miaka 5 hadi 10 kabla ya kupimwa tena. Siki inataka kila miaka 3. Kwa nchi iliyokadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500 mwaka 2020, na wanawake ambao wengi wao hufika kupimwa mara moja kama wakifika, kipimo cha kuchagua ni kile kinachoona mbali kwa hiyo mara moja. Tena sampuli anaweza kujichukulia mwenyewe, bila kupanda kitandani mbele ya mtu.

Hata hivyo, wanaosita wana hoja. Kukutwa na HPV si kukutwa na saratani. Mwili hukifuta kirusi chenyewe mara nyingi ndani ya miaka miwili. Kwa wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ya kupata saratani hii ni karibu mara sita ya wasio na VVU, wengi hukutwa nacho, hivyo huhitaji kipimo cha pili kabla ya kutibiwa. Na kipimo hicho cha pili vituoni mwetu mara nyingi kitakuwa siki ileile. Anayedhani tunaiaga siki ajue itaendelea kuhitajika.

Kisha kuna neno lenyewe. Kwetu, kusema fulani "ana virusi" ni kusema ana UKIMWI. Mwambie mama wa watoto wanne kwamba ana virusi, vya kuambukizwa kwa ngono, halafu umpe tarehe ya kurudi. Atafika nyumbani na nini? Mume atauliza vilitoka wapi, na hakuna kipimo kinachoweza kumjibu, kwa sababu kirusi hiki kinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Siki haikuwahi kumtwisha mtu mzigo huo. Watu wa maabara wakipanga bajeti ya vitendanishi, mazungumzo haya na mgonjwa nayo yatengewe muda na mtu aliyefunzwa.

Mashine za GeneXpert zilizoletwa kwa ajili ya kifua kikuu zinaweza kutoa jibu la HPV kwa takriban saa moja. Kwa hiyo mwanamke anaweza kusubiri jibu lake kwenye benchi, na akitibiwa siku hiyo, faida kuu ya siki haipotei. Lakini sampuli ikisafirishwa hadi mkoa mwingine na jibu likarudi baada ya wiki sita, wakati namba ya simu aliyoiacha ni ya jirani aliyekwisha kuhama, basi tumenunua kipimo bora na kumpoteza mgonjwa. Kabla wilaya haijaanza kugawa brashi za kujichukulia sampuli, ningependa ioneshe mashine ya kutibu iko kituo gani, na nani ameandikwa kwa jina kuwapigia simu watakaokutwa na kirusi.