Vijana kuingia kwenye makalavati ya Moshi: tuwakataze tu au tuwajibu?

Klipu zenyewe wengi mmeziona. Jamaa kavaa buti la mpira, tochi kichwani, anainama kwenye mdomo wa bomba la zege pembeni ya mto, anaingia, na baada ya muda yuko chini kabisa ya jiji kwenye handaki la matofali, maji yanapita miguuni na sauti inajirudia mpaka inapotelea mbele. Melbourne huko Australia kuna kundi linaitwa Cave Clan lipo tangu 1986 na shughuli yao ndiyo hiyo, kuzunguka mitaro ya mvua iliyofunikwa chini ya mji. London wanaingia mpaka kwenye mifereji ya majitaka aliyojenga mhandisi Joseph Bazalgette baada ya ule uvundo wa mto Thames wa mwaka 1858 uliowatesa hadi wabunge. Sasa vijana wetu wa Majengo, Pasua na Njoro wanaangalia hayo halafu wanalitazama kalavati, ile njia ya zege ya kupitishia maji, lililo chini ya reli, wanasema mbona na sisi tunayo.

Mpwa wangu kaniuliza hivyo hivyo: "Mjomba, kwani ubaya uko wapi, si tunaenda kiangazi tu?" Watu wazima waliokuwepo wakamkemea pale pale na mazungumzo yakafa. Mi naona swali lake linastahili jibu la maana, kwa sababu kijana ukimkemea bila kumweleza ataenda tu, ila safari hii hatamwambia mtu, na hapo ndipo hatari inapozidi maana hakuna atakayejua pa kumtafuta.

Tuwekane sawa kwanza. Moshi haina mahandaki ya mvua ya kutembea kilomita na kilomita kama huko. Tulichonacho ni mitaro ya mjini iliyofunikwa kwa slabu, makalavati ya barabarani ya bomba na ya boksi, yale ya chini ya reli, mabomba ya majitaka, na huko juu Marangu na Kilema, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, yapo mapango waliyochimba wazee wetu Wachaga kujificha na mifugo yao wakati wa uvamizi na vita vya koo. Kwa hiyo anayesema anataka kuvumbua mahandaki ya Moshi, mara nyingi anazungumzia kalavati na mtaro wenye slabu juu.

Wanaotetea hili jambo wana hoja nzito kuliko tunavyowapa. Hebu fikiria reli. Ilifika Moshi enzi za Mjerumani mwaka 1911, kipande cha kwenda Arusha kikamaliziwa na Mwingereza mwaka 1929, baadaye treni za abiria zikaacha kuja kwa miaka mingi sana mpaka ziliporudi Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka uliofuata. Muda wote huo treni haipo, maji ya mlimani yaliendelea kupita chini ya tuta kila masika, yakibeba mchanga, mawe na migomba. Nani alikuwa anaingia kuangalia ndani? Na mitaro ya mtaani je, nani anaifunua kuitazama kabla maji hayajaingia sebuleni kwa watu? Tunajua kabisa kinachoziba, ni viroba, pampasi, chupa za plastiki, udongo wa ujenzi, ila tunakuja kujua kimeziba wapi siku ya mafuriko. Kijana mwenye tochi na simu yenye kamera nzuri anayepiga picha mtaro ulioliwa kwa chini anatoa taarifa ambayo ofisi nyingi hazina. Hilo nalikubali bila kusukumwa.

Halafu kuna suala la kujua mji wako. Mtu anayekaa Moshi miaka yote hajui maji ya mvua ya mtaani kwake yanaenda wapi, hajui kwamba huu mtaro anaotupa uchafu unamwagikia Rau au Karanga, na mito hiyo inaenda mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu na kuungana na safari ya mto Pangani. Wazee waliochimba mifongo, ile mifereji ya asili ya kumwagilia mashamba, huko juu walijua kila tone linatoka korongo gani na zamu ni ya ukoo upi. Kijana anayetaka kujua maji yanapita wapi ana kiu ya kitu ambacho babu yake alikuwa nacho, na mi siwezi kumwita mhuni kwa hilo.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo naona hata watetezi wenyewe hawajafika.

Hao wa nje wana kanuni yao moja wanaishika kweli kweli, mvua ikinyesha hakuna kuingia. Kanuni nzuri na imeokoa watu, lakini hata kwao haitoshi, Sydney mwaka 2008 wachoraji wa grafiti walisombwa na maji ndani ya mtaro wa mvua wakafa. Kwetu ndiyo inaweza kukudanganya kabisa. Melbourne mvua inayojaza mtaro kwa kawaida ni ile ile inayonyesha juu ya mji, ukichungulia nje unaiona. Moshi mjini tupo kwenye mita mia nane na kitu kutoka usawa wa bahari, tunapata mvua pungufu ya milimita elfu kwa mwaka, wakati huko juu kwenye msitu, umbali ambao daladala inakaribia kuumaliza, inanyesha zaidi ya milimita 2,000. Unaweza kuwa umesimama stendi jua linakuchoma, vumbi kila kona, na huko Kibosho au Old Moshi wingu limeshashuka na mvua inapiga ile ya kutosikilizana. Maji hayo yanashuka kwenye mteremko mkali, yanafika huku chini yakiwa rangi ya chai ya maziwa na yanafika kwa mpigo. Mtu aliye nje anasikia mngurumo anapanda ukingoni. Aliye ndani ya kalavati lenye kona anausikia mngurumo huo huo ila hajui unatoka upande gani, na hana ukingo wa kupanda.

Kwa hiyo mpwa wangu akisema "kiangazi tu", kiangazi cha wapi? Cha mjini au cha mlimani? Maana mlima una mvua zake hata miezi ambayo sisi huku tunamwagia barabara maji kupunguza vumbi.

Kuna kitu nimekiona kwa macho yangu kwenye kalavati moja la boksi, nikiwa nimesimama mdomoni tu bila kuingia. Sakafu kavu kabisa, udongo umepasuka pasuka, mbuzi wa mtu kalala kivulini pale, unaona pahali pa amani. Nikamulika juu. Kwenye dari, ndani ya nyufa za zege, yamebanwa majani makavu ya migomba, vipande vya kiroba cha bluu na kamba ya katani. Yaani maji yalifika darini, hapakubaki hata nafasi ya pua. Ukitaka kujua tabia ya mtaro usiangalie chini, angalia juu, na uangalie ukiwa nje.

Na nguvu ya maji tusiibishie. Aprili 2024 jirani zetu Arusha gari la shule lilisombwa kwenye korongo na watoto wakapoteza maisha, nchi nzima ililia. Lile lilikuwa gari, tena nje ambako watu waliona na wakakimbilia kuokoa. Ndani ya bomba hakuna anayeona. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ukiwapigia 114 watakuja, lakini utawaambia mtu kaingilia wapi na atatokea wapi wakati ramani ya hiyo mitaro kijana mwenyewe hana?

Hewa ni habari nyingine. Tunazo hadithi nyingi mno nchi hii za mtu kushuka kwenye chemba au kisima akazimia, wa pili akashuka kumwokoa naye akabaki, wa tatu vilevile. Gesi ya haidrojeni salfaidi inayotoka kwenye uchafu uliooza inanuka yai viza ikiwa kidogo, ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo ukisema "mbona harufu imeisha" huenda ndiyo umefika penye sumu yenyewe. Mitaro yetu inatakiwa iwe ya mvua peke yake ila sote tunajua watu wanasubiri mvua kubwa wafungulie choo. Ndiyo maana mabomba na chemba za majitaka kwangu hazina mjadala wa pande mbili, huko haingii mtu asiye na vifaa na mafunzo, basi. Na maji yenye mkojo wa panya yanaleta homa ya mgunda (leptospirosis), ile iliyozuka Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022 ikaua watu watatu, na tafiti za wagonjwa wa homa hapa hapa Moshi zilishaonyesha ugonjwa huo upo kwetu pia. Inapita kwenye kidonda kidogo tu cha mguuni.

Jambo lingine halisemwi sana. Kuna watu wanalala humo. Las Vegas mahandaki ya mafuriko yana watu wanaishi ndani, na kwetu wapo vijana wanaojihifadhi chini ya madaraja na kwenye makalavati makubwa wakati wa kiangazi. Ukiingia na kamera unammulika mtu usoni mahali anapolala, halafu unamrusha mtandaoni. Hapo sioni utetezi wowote.

Marufuku peke yake haifanyi kazi, Paris walipiga marufuku kuingia kwenye machimbo yao ya zamani ya mawe chini ya jiji tangu 1955 na mpaka leo watu wanaingia. Ila Paris hao hao wamefungua kipande cha kama kilomita moja na nusu kati ya takriban mia tatu, mtu analipa, anaelekezwa, anatoka salama. Japani nako lile tangi kubwa la kupokea mafuriko nje ya Tokyo, lililokamilika 2006, wanapeleka wageni kwa ratiba na mvua kubwa ikija ratiba inafutwa. Marangu tayari tunafanya hivyo kwenye mapango ya Wachaga, mgeni anashuka na mwongozaji. Lakini ni watoto wangapi wa Moshi mjini wameshawahi kupelekwa? Mzungu anatoka Ulaya anayaona, mtoto wa Pasua anayasikia tu.

Kwa hiyo nimemjibu mpwa wangu hivi. Bomba lenye kona, mtaro wa slabu, chemba, hapana, mwezi wowote. Eneo la reli lina mwenyewe, hifadhi ya reli haiingiliwi bila ruhusa. Kalavati fupi la boksi ambalo umesimama huku unaona mwanga wa upande wa pili, piga picha zako ukiwa mdomoni, mulika dari, andika tarehe na jina la mtaa, na usiende peke yako. Mapango nitampeleka mwenyewe Marangu likizo ya Juni.

Na picha hizo zina pa kwenda. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, barabara kuu TANROADS, na mwenyekiti wa mtaa anajua kila mtaro uko kwa nani. Mvua za vuli zinaanza kugonga Oktoba, Novemba, kwa hiyo picha ya mtaro ulioziba inayofika ofisini Agosti inakuta bado kuna muda wa kuleta koleo na toroli. Ofisi zikizipokea hizo picha na kuzifanyia kazi, vijana watakuwa na sababu ya kubaki mdomoni mwa kalavati. Zikiwapuuza watarudi kutafuta klipu ya ndani yenye watazamaji wengi, na sijui tutawaambia nini tena.