Bikira Aliyevaa Raba

Mchoro wenyewe ni wa mwaka 1978. Bikira Maria wa Guadalupe, ambaye picha yake utaikuta karibu kila nyumba ya Wakatoliki wa Meksiko, hajasimama tena juu ya mwezi kainamisha macho na kukutanisha viganja. Anakimbia. Gauni la waridi limepanda juu ya magoti, mapaja yamejaa misuli ya mtu wa mazoezi, miguuni kavaa raba. Mkono mmoja umemkaba nyoka, mwingine umekamata lile joho la nyota. Malaika ambaye siku zote humbeba kabaki chini, nusura akanyagwe. Na sura ni ya mchoraji mwenyewe, Yolanda López, mtoto wa Logan Heights, San Diego.

Wengi huishia kwenye mchoro huo. Mimi huwa narudi kwa wenzake wawili. Katika mmoja kamchora mama yake, aliyekuwa mshonaji, kainamia cherehani akishona lile joho la nyota. Katika mwingine yupo bibi yake, kalikalia joho hilohilo, mkononi ana kisu na ngozi ya nyoka aliyekwisha kuchunwa. Uso wa bibi hauna mzaha. Amefanya kazi yake, amemaliza, basi. Ile miale ya dhahabu inayomzunguka Bikira imewazunguka na wao, mmoja mmoja, kama haki yao.

Nasema hivi: watu wakizungumza juu ya wanawake wa Kichikana, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, kujiponya kwa sanaa, hapo ndipo ninapouona uponyaji. Fundi cherehani amepewa heshima ya kuwa mtakatifu bila kuondolewa kwenye cherehani yake. López hakwenda kumtafuta malkia wa Waazteki. Kujivunia malkia ni rahisi, hata sisi Waafrika tumezoea: tukitaka kutembea kifua mbele tunakimbilia wafalme, na babu aliyekuwa kuli bandarini tunamwacha uani.

Na jeraha lilikuwapo, tena la kweli. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848 uliikata Meksiko karibu nusu ya ardhi yake ukaipa Marekani, na watu waliokuwa wakiishi huko wakajikuta wageni bila kuhama nyumba. Karne iliyofuata, kule Texas, mwandishi Gloria Anzaldúa alipigwa rula kwenye vidole akiwa mtoto kwa kuongea Kihispania wakati wa mapumziko. Msomaji wa Kenya aliyewahi kuvishwa kidude cha aibu shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani shuleni hahitaji maelezo. Halafu Los Angeles, miaka ya 1970: wanawake wenye asili ya Meksiko walifungwa kizazi katika hospitali ya umma, wengine wakipewa fomu za Kiingereza wazitie sahihi huku uchungu umeshika. Kumi kati yao walikwenda mahakamani. Mwaka 1978 jaji akawapa ushindi madaktari. Ndiyo maana naudhika neno “uponyaji” linapogeuzwa kuwa mishumaa ya manukato na mafuta ya kujipaka. Hawa walikuwa na kesi.

Kuna jambo jingine ambalo wasimulizi wa fahari hii hulipita haraka, kwa sababu linatia aibu nyumbani. Sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa na wanaume wao wenyewe. Vuguvugu la Wachikano la kudai haki lilipopamba moto, wanawake walitarajiwa wapike, wachape barua na wanyamaze. Anayedai haki yake kama mwanamke aliambiwa hayo ni mambo ya wazungu. Mei 1971 wanawake wapatao 600 walikutana Houston, na hata wao kwa wao walitofautiana mpaka wengine wakatoka nje. Sioni ubaya. Kundi linalodai utambulisho wake bila kugombana ndani, aghalabu kuna mtu kanyamazishwa.

Ugomvi huo ulifika mpaka ukutani. Katika mtaa wa Mission, San Francisco, kundi la wanawake wachoraji wa kuta, Mujeres Muralistas, lilipanda majukwaa ya mafundi mwaka 1974 na kuchora kuta kubwa kubwa, kazi iliyoonekana ni ya wanaume. Wenzao walikuwa wakichora mashujaa, damu na mapinduzi. Wao wakachora soko, mahindi, watoto, akina mama na mizigo yao. Wakaambiwa kazi zao hazina siasa za kutosha! Mtu anayedhani sokoni hakuna siasa hajawahi kumsikiliza mama muuza mboga siku bei zimepanda.

Kwa mchoraji Judith Baca sina la kubisha, nastaajabu tu. Kuanzia 1976, kwenye mfereji wa zege wa maji ya mafuriko huko Los Angeles, alikusanya vijana zaidi ya 400, wengi waliokwisha kuingia kwenye mikono ya polisi, wakachora historia ya California ukutani kwa urefu wa zaidi ya mita 800. Humo wamo Wameksiko waliofukuzwa nchini miaka ya 1930, wamo na watu wenye asili ya Kijapani waliofungiwa makambini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kijana anayesugua zege kabla ya kupaka rangi chini ya jua lile, akibishana na mwenzake nani achorwe wapi, hahitaji kuhubiriwa kujithamini.

Kuna wanaosema wanawake hawa walivuka mipaka ya imani. Mwaka 2001 huko Santa Fe, picha ya msanii mwingine, Alma López, iliyomwonyesha Bikira kavaa maua ya waridi mwilini na sehemu kubwa ya mwili wazi iliwatoa waumini barabarani, na askofu mkuu akaja juu. Siwacheki. Bibi aliyewasha mshumaa mbele ya picha ile maisha yake yote ana haki ya kuumia. Ila mabinti walilelewa chini ya picha hiyohiyo, na urithi haugawiwi kwa wapole peke yao.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni biashara. Msanii Amalia Mesa-Bains aliichukua ile meza ya kona ambayo mama hupanga picha za marehemu, maua na mishumaa, akaifanya sanaa ya hadhi. Mwaka 1984 alimjengea madhabahu ya vitambaa na vioo Dolores del Río, mwigizaji wa Kimeksiko aliyewika Hollywood. Miaka 29 baadaye kampuni ya Disney ikaomba kusajili jina la siku ya wafu, Día de los Muertos, kuwa alama yake ya biashara. Kelele zilipozidi ikaliondoa ombi. Mafuvu ya plastiki yangali yamejaa madukani kila Oktoba.

Na makumbusho nayo yana lake. Maonyesho ya kwanza ya makumbusho yaliyokuwa ya Yolanda López peke yake yalifunguliwa Oktoba 2021, huko huko kwao San Diego. Alikuwa amefariki Septemba, akiwa na miaka 78. Mchoro wa raba ulikuwa na miaka 43. Wanaojipongeza leo kwa kumtambua waanze kwa kutueleza miaka yote hiyo walikuwa wakitundika nini.