Mtoto wa Njoro hakosi maji, anakosa bwawa

Desemba iliyopita tulirudi Moshi kula Krismasi, kama Wachaga tulivyo. Binti yangu ana miaka 12 na anaogelea chali kwenye klabu hapa Erfurt, Ujerumani. Kocha wake alimpa karatasi ya mazoezi ya likizo, akasema mwili ukikaa wiki mbili bila maji unaanza kusahau. Basi nikampeleka kwenye bwawa la hoteli moja mjini. Kiingilio cha mtoto kwa siku kilikuwa bei ya kilo ya nyama. Nikalipia wawili, yeye na mtoto wa kaka yangu wa Njoro, hapohapo Moshi, ambaye amekulia mtoni lakini bwawa la vigae alikuwa hajaingia hata siku moja.

Mzunguko wa tatu, binti yangu akagonga ukuta kwa kichwa. Nilisikia ule mlio nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Anayeogelea chali haoni anakokwenda. Ndiyo maana kwenye mabwawa ya mashindano hufungwa kamba yenye vibendera juu ya maji, mita 5 kabla ya ukuta. Vikipita juu ya uso wake, muogeleaji anaanza kuhesabu mikono. Binti yangu anahesabu mitano, wa tano anapinduka na kusukuma ukuta kwa miguu. Pale hotelini kamba haikuwepo, maana bwawa lile lilichimbwa kwa ajili ya mgeni aliyeshuka mlimani aje aloweke miguu. Hakuna aliyemfikiria mtoto mwenye mazoezi.

Mhudumu alikuja mbio na barafu kwenye taulo. Wakati nambembeleza, yule wa Njoro akaniuliza, "Shangazi, kwani hana mti?" Nikamuuliza mti gani. Akasema yeye akilala chali mtoni huangalia tawi la mkuyu. Likifika juu ya pua anajua ukingo umekaribia. Hakufundishwa na mtu. Binti yangu alifundishwa jambo hilohilo muhula mzima, na mwalimu mwenye cheti.

Kesho yake kaka alikuja na kamba ya katani aliyoifunga vipande vya kanga kuukuu. Tukaomba ruhusa, tukaifunga kati ya miamvuli miwili. Wakaogelea hadi saa sita mchana, mmoja akihesabu kwa Kijerumani, mwingine kwa Kiswahili.

Tangu siku ile sitaki tena kusikia kwamba sisi watu wa mlimani maji si yetu. Babu zetu walichimba mifereji kutoka msituni hadi kwenye migomba kabla Mjerumani hajafika. Watoto wa Rau, Karanga na Njoro wanajifunza kuelea kabla ya kujua kusoma. Tunachokosa ni mahali ambapo mtoto wa fundi baiskeli anaweza kuingia majini kila siku, bila mzazi wake kuchagua kati ya kuogelea na kula nyama.

Huku Erfurt nimeona inavyowezekana. Mji huu ndio uliomkuza Roland Matthes, mfalme wa kuogelea chali. Olimpiki ya Mexico 1968 alichukua dhahabu ya mita 100 na ya mita 200, akarudia zote mbili Munich 1972, na tangu 1967 hadi 1974 hakuna aliyemshinda kwa mtindo huo. Michezo hiyohiyo ya Mexico ndiyo John Stephen Akhwari wetu, mtu wa Mbulu, alimaliza marathoni akichechemea, goti limefungwa bandeji. Huwa nawafikiria wawili hao pamoja. Matthes alikuwa na bwawa na kocha tangu utotoni. Akhwari alikuwa na barabara. Na barabara haina kiingilio! Ndiyo sababu tumempata Filbert Bayi wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, na juzi Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni, Tokyo 2025. Michezo isiyolipiwa mlangoni tunaiweza.

Wengine wananiambia bila kwenda nje haiwezekani. Mtazameni Kirsty Coventry, muogeleaji wa Zimbabwe. Ni kweli alisoma Marekani, Auburn. Lakini Sydney 2000 aliogelea nusu fainali ya Olimpiki akiwa bado msichana wa sekondari Harare. Dhahabu zake za mita 200 chali, Athens 2004 na Beijing 2008, zilianzia nyumbani, na leo ndiye rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Sisemi huku ni peponi. Somo la kwanza la kuogelea tulilisubiri kwenye orodha miezi minane. Saa inamtawala mwanangu kuliko ninavyopenda; akishindwa muda aliowekewa anahamishwa kundi, kwa upole, lakini anahamishwa. Miaka minne tumekaa jukwaani na wazazi walewale, na sijui hata mmoja anakaa mtaa gani. Moshi, barafu ya mhudumu ilifika kabla sijasimama, na wanawake wawili nisiowajua wakanisaidia kumshika mtoto. Nalikosa hilo kila Jumamosi.

Arusha inajengewa uwanja wa mpira kwa ajili ya AFCON 2027, nami nafurahi. Lakini ndugu zangu tulio nje, tuna majumba kule Kibosho na Marangu yenye vyumba sita tunavyolala wiki mbili kwa mwaka. Mimi nina moja. Tukichanga, tukakaa na halmashauri, bwawa la mita 25 lenye njia sita na kamba mbili za vibendera halitatushinda. Kiingilio cha mtoto kiwe bei ya andazi.

Kamba yetu hotelini waliifungua siku tuliyoondoka. Kaka aliichukua. Wiki iliyopita amenitumia video: ameifunga kati ya migomba miwili, na mwanawe amelala chali juu ya benchi la mbao, anazungusha mikono hewani, anahesabu kwa sauti. Anafika sita, anapinduka.