Sony RX1R III: milimita zimepunguzwa pasipostahili

Wengi wanaoizungumzia Sony RX1R III wanalalamika kwamba haina kituliza mtikisiko. Kwa maoni yangu hilo ni lawama ya pili. Ya kwanza ni skrini ya nyuma: wameigandisha kwenye mwili wa kamera, haiinuki wala haishuki, na kwa anayepiga picha mji kama Bagamoyo hasara yake ni ya kila siku.

Kamera hii ilitangazwa Julai 2025, miaka kumi baada ya RX1R II iliyoitangulia. Kihisi, yaani sehemu inayopokea picha, ni cha fremu kamili (ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35) chenye megapikseli 61. Lenzi ni Zeiss Sonnar ya milimita 35, f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa), isiyobadilishwa, na muundo wake ni uleule wa RX1 ya kwanza ya mwaka 2012. Ikiwa na betri na kadi ina uzito wa gramu 498. Bei ya Marekani ilianza na dola 5,100, yaani zaidi ya shilingi milioni 12 za Tanzania kabla hujagusa VAT ya asilimia 18 na gharama za kuitoa bandarini.

RX1R II ilikuwa na skrini inayoinama. Mpya haina, na utetezi unaosikika ni wembamba. Haya, tupime. Ukiishika kwa upande, kuanzia uso wa lenzi hadi nyuma ni takriban milimita 87. Unene huo umeletwa na lenzi pamoja na kitundu cha kuchungulia, na hakuna mfuko wa kanzu wala wa suruali utakaoimeza. Kamera itakaa begani au kwenye mkoba, basi. Sasa bawaba ya skrini huongeza milimita chache mgongoni, mahali ambapo hazimzuii mtu kitu. Ricoh wakigandisha skrini ya kamera yao ndogo ya GR nitawaelewa, maana lenzi yao hurudi ndani na kamera inaingia mfukoni kweli. Hapa wembamba umelipiwa na haukupatikana.

Nenda soko la samaki asubuhi uone maana yake. Pwani ya Bagamoyo inatazama mashariki, kwa hiyo jua linachomoza nyuma ya ngalawa na mashua zinazoingia, na picha nzuri hupatikana ukiwa chini: mnada unaendelea, nguru na changu wamelazwa kwenye mchanga wenye maji, miguu ya wachuuzi imezunguka, mwanga unapita katikati ya miguu. Ukiwa na skrini inayoinama unachutama kidogo, kamera iko usawa wa kifundo cha mguu, unatazama chini kama mtu anayesoma simu. Ukiwa na skrini iliyoganda unapiga goti kwenye maji ya samaki na shavu linakaribia mchanga. Kila mtu ameshakutazama, na picha uliyoitaka haipo tena.

Njia ya kuzunguka ipo, ila ina masharti yake. Weka f/8, zima fokasi ya yenyewe, pima fokasi mita 3, halafu shusha kamera bila kuangalia. Kwa lenzi ya 35, kitu chochote kati ya mita 2 na 7 hivi kitakuwa na ukali wa kutosha kwa picha ya kuchapwa ukubwa wa kawaida. Ukiifungua kwa asilimia 100 kwenye kompyuta, kihisi cha megapikseli 61 kitakuumbua. Na usawa wa upeo wa bahari utakuwa wa kubahatisha, kwa hiyo acha nafasi pembeni ya kunyoosha baadaye.

Tuje kwenye kituliza mtikisiko, na hapa nawatetea Sony. Kihisi kinachotulizwa kinaelea: kinahitaji nafasi ya kusogea juu, chini na pembeni, na lenzi lazima imwage duara la picha lililo pana kuliko kihisi chenyewe ili pembe zisifanye giza kinaposogea. Katika RX1R III kioo cha mwisho cha lenzi kimekaa karibu mno na kihisi, na kila kamera hurekebishwa kiwandani ili viwili hivyo vilingane. Ndiyo siri ya lenzi ndogo hivi kuwa kali hadi pembeni. Kuweka kihisi kinachoelea kungemaanisha kuchora lenzi upya, na lenzi ingekua. Fujifilm walifika njia panda hiyohiyo na GFX100RF ya 2025, wakaacha kituliza ili lenzi ibaki ndogo. Kwenye kamera yao nyingine, X100VI, wameweza kukitia kwa sababu kihisi chake, cha ukubwa uitwao APS-C, kina eneo chini ya nusu ya hiki.

Halafu tujiulize kituliza kinatibu nini. Kinatibu mkono unaotetemeka tu. Ukumbini, wachezaji wa ngoma wakiruka, unahitaji kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi ili mikono na miguu isiwe ukungu, na kwa kasi hiyo kituliza hakina kazi. Kinakosekana kweli kwenye vitu vilivyosimama gizani: vyumba vya Caravan Serai, kituo cha kale cha misafara, ndani ya kanisa la misheni, magofu ya Kaole jua likishazama. Huko egemea ukuta, au panda ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) hadi 3200 bila woga, kihisi hiki kinastahimili.

Ila kanuni ya zamani ya kasi sawa na urefu wa lenzi, yaani 1/35 kwa lenzi ya 35, isahau. Vidoti vya kihisi hiki ni vidogo, na mtikisiko ambao kamera ya megapikseli 12 isingeuonesha, hapa unaonekana waziwazi. Weka kikomo cha chini 1/125 kwenye mpangilio wa Auto ISO. Ukitumia kitufe cha kukata picha, ambacho hukupa mtazamo wa milimita 50 kwa megapikseli 29 au wa 70 kwa megapikseli 15, panda hadi 1/250, kwa sababu unaikuza picha na mtikisiko wake. Na kukata hakugeuzi f/2 kuwa maajabu: kwenye mtazamo wa 70, mandhari ya nyuma yatafifia kana kwamba umetumia f/4 kwenye lenzi ya 70 halisi. Wanaoikata kila siku wangenunua kamera ya lenzi za kubadilisha, wabaki na chenji.

Mahali ambapo kamera hii inang'ara, na ambapo watu wa pwani tungefaidi zaidi, ni shata yake, mlango unaoruhusu na kuzuia mwanga. Haiko mbele ya kihisi kama pazia. Iko ndani ya lenzi, vijani vinavyofunguka na kufunga. Tatizo lake ni kwamba tundu likiwa wazi kabisa vijani vina safari ndefu, kwa hiyo kwenye f/2 kasi inakomea 1/2000. Mpaka ufike f/5.6 ndipo unapata 1/4000. Saa sita mchana, ISO 100, mwanga wa jua kali unataka f/16 kwa 1/100. Peleka f/2 na hesabu inadai 1/6400. Mchanga mweupe unaakisi, na mwanzoni mwa Machi au wiki ya pili ya Oktoba jua la Bagamoyo linapita karibu utosini kabisa. Kwa hiyo f/2 mchana, kwa shata hiyo, inaunguza picha. X100VI na GFX100RF zina filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) ya stopu 4 ndani, na kila stopu hukata mwanga nusu; unaiita kwa kitufe. Sony hawakuweka. Nunua ND8 ya milimita 49, inakata stopu 3, na 1/6400 inashuka hadi 1/800. Lakini uifunge na kuifungua mwenyewe, na mikono yenye mchanga.

Faida ya shata hiyo ni flashi. Kamera za shata ya pazia nyingi hukomea 1/200 au 1/250 kwenye flashi ya kawaida. Hii inakubali kasi za juu zaidi. Biharusi amesimama ufukweni saa tisa, uso una kivuli cha mtandio, mbingu nyuma yake ni nyeupe. Weka ISO 100, f/5.6, 1/1600. Mbingu inashuka stopu moja na kurudisha ubuluu, flashi ndogo inajaza uso. Usiiweke flashi kwenye nguvu kamili: mmweko wa nguvu kamili unaweza kudumu kuliko shata ilivyo wazi, ukapoteza sehemu ya mwanga ukadhani flashi ni mbovu. Anza na nusu, msogelee. Visambaza mawimbi vya kuwashia flashi vya bei rahisi navyo huchelewa, kwa hiyo jaribu kasi yako nyumbani kabla ya harusi ya mtu.

Pete ya lenzi ina sehemu ya kupigia vitu vya karibu, sentimita 20 hadi 35, nzuri kwa nakshi za milango ya Mji Mkongwe. Ukisahau kuirudisha, kamera haitashika fokasi kwa mtu aliye mita mbili. Kabla ya kumlaumu fundi, itazame pete.

Chumvi ndiyo inayonitia wasiwasi. Sony hawadai kwamba mwili umezibwa dhidi ya maji na vumbi, wakati Leica Q3 ina kiwango cha IP52 cha kuzuia vumbi na matone, na X100VI huzibika ukiifunga pete na filta ya kinga. Kwa dola 5,100 huo ni ubahili. Funga filta ya UV ya 49 siku ya kwanza. Sokoni, moshi wa makarai ya kukaangia samaki unaacha utando wa mafuta na upepo unaleta chumvi. Ukipangusa kwa ncha ya kanga ikiwa kavu unakwaruza. Puliza kwanza kwa pampu ya mkono, piga brashi laini, kisha kitambaa kilicholowa kidogo dawa ya lenzi. Ukitoka chumba cha AC, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa, vinginevyo joto la nje litaijaza umande. Lenzi haitoki, kwa hiyo ukungu ukiota ndani hakuna wa kukusafishia mtaani. Kamera nzima inasafiri.

Betri ni NP-FW50, inayotoa takriban picha 300. Hiyo inazidi RX1R II, na kwa kuwa ilitumika kwenye kamera za Sony a6000 na a7 ya kwanza, mitumba yake inapatikana. Zile za bandia zikivimba hunasa ndani, kwa hiyo ipime kabla ya kulipa: iingie na kutoka kwa kidole kimoja, na ikilazwa juu ya meza bapa isicheze.