Pac-12 haikukosea kumwita jirani

Agosti 4, 2023, ndani ya siku moja, vyuo vitano viliiaga Pac-12, muungano wa michezo wa vyuo vikuu vya magharibi ya Marekani. Oregon na Washington vilihamia Big Ten, muungano mwingine wenye fedha zaidi. Arizona, Arizona State na Utah vikafuata njia ya Colorado kwenda Big 12. USC na UCLA vilikuwa vimeshatangaza kuondoka mwaka uliotangulia. Mwezi uliofuata Stanford na California, vyuo vinavyotazamana na Bahari ya Pasifiki, vikapewa hifadhi na ACC, muungano wa pwani ya Atlantiki. Katika nyumba iliyojengwa mwaka 1915 wakabaki wawili: Oregon State na Washington State.

Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinataka muungano wa daraja la juu la futiboli ya Kimarekani uwe na vyuo vinane, na uliopungukiwa hupewa miaka miwili kujikusanya. Kwa hao wawili, mwisho ulikuwa Julai 1, 2026. Septemba 2024 wakaziita Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State, kisha Utah State. Oktoba wakaiita Gonzaga, na Juni 2025, siku zikiwa zimebana, Texas State.

Kicheko kikubwa kimeiangukia Gonzaga. Ni chuo kidogo cha Wajesuiti mjini Spokane, na timu yake ya futiboli ilicheza msimu wake wa mwisho zamani, mwaka 1941. Wakosoaji wanauliza: unajenga upya nyumba ya futiboli kwa matofali ya mpira wa kikapu? Na hao wengine, wanasema, ni vyuo vya miji ya kati vilivyochotwa karibu vyote kutoka Mountain West, muungano mdogo wa magharibi. Jina ni la zamani, wapangaji ni wa daraja la pili.

Hoja yao si ya kupuuzwa. Mishahara ya makocha, viwanja na ufadhili wa wanamichezo hutegemea sana fedha za haki za matangazo, na tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Mwenye Memphis, New Orleans na Tampa anaingia chumba cha mazungumzo na televisheni akiwa na miji mikubwa mfukoni. Pac-12 yenyewe iliona hivyo: ilivifuata vyuo vya Memphis, Tulane ya New Orleans, South Florida ya Tampa na UTSA ya San Antonio, zote zikakataa zikabaki zilipokuwa. Na wapo waliofuata fedha wakafika mbali. SMU ya Dallas ilikubali kuingia ACC bila mgawo wa televisheni kwa miaka tisa, ikitegemea matajiri waliosoma pale. Msimu wa kwanza tu, 2024, ilicheza fainali ya muungano, ikapoteza kwa Clemson 34-31, na bado ikaingia mchujo wa ubingwa wa taifa.

Ila hesabu ya miji ina umri wake. Big Ten ilipovichukua vyuo vya mashariki, Rutgers na Maryland, vikaingia 2014, lengo lilikuwa nyumba za New York na za Washington, mji mkuu. Enzi ile ya kebo kila mteja wa eneo fulani alikatwa senti zake kwa chaneli ya muungano, hata kama maishani mwake hajawahi kutazama futiboli. Chuo kilikuwa na thamani kwa sababu ya waliokaa karibu nacho. Leo watu wanakata kebo, mechi zinahamia kwenye intaneti, na kinachohesabiwa ni nani amewasha kutazama. Mtu wa Memphis asiyeijali timu yake ya chuo haongezi hata shilingi.

Gonzaga inatazamwa. Timu yake ya kikapu ya wanaume haijakosa mashindano ya taifa kila yanapofanyika tangu 1999, na imecheza fainali mbili, 2017 na 2021. Zote ilipoteza, sawa. Ni vyuo vingapi vya futiboli vingetamani kupoteza hivyo?

Kisha kuna safari. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mjadala huu unapokosea njia. Futiboli ni mechi kumi na mbili, nusu yake nyumbani, timu ikisafiri kwa ndege ya kukodi. Voliboli, soka ya wanawake na besiboli hazina anasa hiyo. Hucheza mara nyingi zaidi, nyingine katikati ya wiki, na wachezaji wake wana mtihani Jumatatu asubuhi. Mchezaji wa Stanford anayekwenda kucheza na Boston College anavuka zaidi ya kilomita 4,000 na kubadili saa mara tatu, umbali karibu sawa na kutoka Dar es Salaam kwenda Cairo kucheza mechi ya ligi. Kutoka Pullman, ilipo Washington State, hadi Spokane ni kama kilomita 120. Unakwenda kwa basi, unacheza, unarudi kulala kitandani kwako.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda analijua jina la Pullman bila kukumbuka alilisikia wapi. Samson Kimobwa alisoma pale alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Mwaka uliofuata Henry Rono, kijana wa Nandi aliyesoma hapo hapo, akavunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Mbili za mwisho zilikuwa Vienna na Oslo. Mbili za kwanza, ya mita 5,000 na ile ya kuruka viunzi na maji, aliziweka Berkeley na Seattle, mijini kwa majirani wa muungano ule ule.

Najua jibu la upande wa pili, na linauma. Mwaka 2025 Washington State ilitangaza kufuta michezo ya kurusha na kuruka, ikapunguza mbio fupi, ikabaki na mbio ndefu. Bila fedha za televisheni, watasema, hata huo ujirani utaukimbilia uwanja gani? Ni kweli. Lakini chuo kile hakikufukarika kwa kuwa na majirani, bali kwa kukimbiwa nao. Huwezi kuziba pengo la fedha kwa kununua tiketi za Tampa, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka Pullman, kwa timu kumi na kitu.

Texas State inaniharibia hoja, nakiri. San Marcos, mji wake, haiko karibu na Pullman kuliko Memphis kwa tofauti ya maana. Iliingia kwa sababu mwanachama wa nane wa futiboli alihitajika, na kila kocha anataka mlango wa kusajili vijana wa Texas. Ningefurahi zaidi kuona UNLV, chuo cha Las Vegas, lakini Mountain West iliibakiza kwa ahadi ya fedha. Kosa lenyewe ni la zamani zaidi: San Diego State ilikuwa inabisha hodi tangu USC na UCLA za Los Angeles zilipoondoka, mwaka 2023 nusura ijitoe ilikokuwa kabla mwaliko haujafika, na wakubwa wa Pac-12 waliendelea kupiga mahesabu hadi wageni wakaondoka na wenyeji pia.

Mkataba mpya wa matangazo na CBS unafika 2031. Ukikaribia kwisha, Memphis itapigiwa simu tena, na safari hii huenda ikapokea. Kabla ya simu hiyo ningetaka kocha wa voliboli ya wanawake pale Pullman aulizwe kwanza ratiba yake ya Jumatano inakwendaje.