Kabla ya Kuhesabu Kodi, Onja Maji

Dalali wa Mombasa anapokuonyesha jengo la kupangisha, hutaja kwanza idadi ya vyumba na kodi inayoingia kila mwezi. Kwa maoni yangu, mnunuzi angeanza kwingine: afungue mfereji wa jikoni, ayaonje maji.

Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali, kwenye chemchemi za Mzima huko Taita Taveta na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na mitaa mingi huyapata kwa zamu. Pengo huzibwa kwa maboza au kwa kisima, ambacho mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Maji hayo hayafai kwa chai, lakini hasara ya mwenye nyumba iko kwingine: mfereji hufanya ukoko mweupe shingoni, hita ya bafuni hufa mapema, na tangi la choo huvuja usiku kucha. Mpangaji akichoka huhama, na chumba kikikaa kitupu mwezi mzima, nyongeza ya kodi uliyoipigania mwaka mzima huenda yote. Ndiyo sababu naona fedha za vigae vinavyong'aa zingefaa zaidi kujengea tangi kubwa la chini, pamoja na bomba la pili la maji matamu hadi jikoni.

Karibu na bahari, kama Nyali na Bamburi, tazama pia chini ya roshani. Ufa mwembamba wenye doa la kutu ni dalili kwamba nondo zimeanza kuvimba ndani ya zege. Jengo lililopakwa rangi wiki ya kuuzwa (na ni mengi) lastahili fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji.

Majengo, Kisauni na Likoni zina nyumba zinazouzwa bila kiwanja, ambapo unanunua kuta na paa huku ukiendelea kumlipa mwenye ardhi. Biashara hii ni ya zamani na wengi wameishi nayo vyema, lakini usikubali bei inayokaribia ya nyumba yenye hati, na usilipe kabla ya kuona stakabadhi za kodi anayolipwa mwenye ardhi na ridhaa yake kwa maandishi.

Halafu kuna ushuru. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba za makazi anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea kwa wapangaji, na hulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Gharama za boza na fundi haziondolewi kwanza kwenye hesabu hiyo. Ambaye matengenezo yake ni mazito anaweza kuiandikia Mamlaka ya Ushuru ya Kenya ili atozwe kwa utaratibu wa kawaida wa mwaka, unaozingatia gharama, lakini hapo atahitaji risiti, na wenye maboza wengi hawaandiki risiti usipowadai.